KIBONYE CHA NG': JINSI YA KUIPANGA KIBODI NDOGO IIFAE LUGHA YETU

Mpenzi msomaji, kabla hatujaenda mbali, chukua kalamu na uandike jina la Peter Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa gavana wa Kaunti yetu ya Kisumu mwaka 2017 na tena mwaka 2022. Umemaliza? Sasa hesabu ritifaa ulizotia. Kama ni mbili, hongera. Kama ni moja, umeandika nusu ya jina. Na kama hakuna hata moja, pole sana, kwa sababu Nyong'o bila ritifaa si Nyong'o tena. Ni nyongo, ule umajimaji mchungu utokao kwenye ini!

Usidhani ninafanya mzaha. Hapa kwetu kando ya Ziwa Victoria, sauti ya ng' tunaamka nayo na kulala nayo. Kiswahili kina ng'ombe, ng'ambo, ng'ara na ng'ang'ania. Dholuo nayo ina ng'ato, yaani mtu, na ng'eyo, yaani kujua. Majina ya ukoo kama Ong'ayo, Ong'wen na Nyang'aya si mageni katika orodha za madarasa ya huku. Hata katika sarufi, sauti zinazopitia puani huitwa ving'ong'o, neno ambalo lenyewe limebeba ritifaa mbili. Fauka ya hayo, ritifaa si pambo. Ukisema ng'oa, unataka kitu kitolewe na mizizi yake. Ukisema ngoa, bila ritifaa, umetaja wivu au tamaa.

Mimi ndimi nipigaye chapa makala ya jarida hili. Makala huletwa yakiwa yameandikwa kwa mkono, ritifaa zote zikiwa mahali pake. Zikishapita kwenye tarakilishi, nyingine hudondoka njiani kama sarafu katika mfuko uliotoboka. Msituite wavivu, jameni. Hebu tazama vidole vinavyotakiwa kufanya: n kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, g kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, halafu ritifaa kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Safari tatu kwa sauti moja! Mtu akiwa na haraka, ile safari ya tatu anaiacha, naye msomaji anapata "ngombe".

Mwaka huu hali imebadilika. Mwanafunzi wa zamani wa shule hii alitupatia zawadi ya kibodi ndogo yenye vibonye 48 tu, na kila kibonye chake unaweza kukiamuru kifanye kazi uitakayo. Wengi wenu mmeiona katika maabara ya tarakilishi na mmeuliza, "Hii nayo ni nini? Mbona imekatwa?" Wacha basi niwaeleze ilivyo ndani, tulivyoipanga, na kwa nini hatukubadilisha kila kitu ingawa tungeweza.

NDANI YA KIBODI KUNA NINI?

Kibodi za kawaida za maabara yetu zina vibonye 104 au 105. Chini ya vibonye hivyo kuna karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na juu yake kuna vikombe vidogo vya mpira. Ukibonyeza, kikombe kinabonyea, njia zinagusana, umeme unapita. Ni rahisi kutengeneza, lakini karatasi zile zikiharibika mahali pamoja, kibodi nzima iko mashakani.

Kibodi yetu mpya ni ya swichi. Kila kibonye kina swichi yake, yenye springi yake na vipande vyake viwili vya chuma. Swichi moja ikifa, unaitoa hiyo moja na kutia nyingine, basi. Vumbi la chaki likiingia, unang'oa kofia ya kibonye (ng'oa, si ngoa!), unapangusa, unairudisha.

Sasa utaniuliza: je, kila swichi ina waya wake hadi kwenye chipu? La. Vibonye vimepangwa mistari 4, na kila mstari una vibonye 12. Fikiria chumba cha mtihani. Msimamizi hahitaji kujua majina ya watahiniwa 48. Akiambiwa "mstari wa tatu, safu ya tano", anakwenda moja kwa moja hadi kwenye dawati. Chipu hufanya vivyo hivyo. Inapeleka umeme katika mstari wa kwanza na kutazama ni safu gani zimeitikia. Kisha inakwenda mstari wa pili, wa tatu, wa nne, inarudi tena wa kwanza, mamia ya mara kwa sekunde moja. Kwa mtindo huo, waya 4 za mistari na 12 za safu, jumla 16, zinatosha vibonye vyote 48.

Hesabu hii ina faida ya pesa pia. Kuna kibao kidogo kiitwacho Raspberry Pi Pico, kilichoanza kuuzwa mwaka 2021 kwa dola 4 za Marekani, chenye nafasi 26 za kuunganishia waya. Nyaya 48 hazingeingia. 16 zinaingia, na nafasi nyingine zinabaki. Ndiyo maana fundi mwenye subira, mwenye bunduki ya kulehemu risasi na swichi za kutosha, anaweza kujiundia kibodi yake mwenyewe mezani.

Kuna mtego mmoja tu. Ukibonyeza vibonye vitatu vilivyo katika pembe tatu za mstatili, umeme unaweza kuzunguka na kurudi kinyume, chipu ikadhani kibonye cha pembe ya nne nacho kimebonyezwa. Herufi ya mzuka inatokea! Dawa yake ni kuweka dayodi kwenye kila swichi. Dayodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja: umeme unapita kwenda, haupiti kurudi.

KIBODI HAITUMI HERUFI

Hapa ndipo penye siri yenyewe, kwa hiyo soma polepole. Watu wengi hudhani ukibonyeza kibonye cha n, kibodi hupeleka herufi n kwenye tarakilishi. Sivyo. Kibodi hupeleka nambari. Katika utaratibu wa waya za USB, a ni 4, b ni 5, c ni 6, na kuendelea hivyo hadi z ambayo ni 29. Ritifaa ni 52. Kwa hivyo n ni 17 na g ni 10. Tarakilishi ikipokea 17, inatazama jedwali lake na kuandika n.

Maana yake ni kwamba kuna majedwali mawili. La kwanza liko ndani ya kibodi: "mstari huu, safu hii, peleka nambari fulani." La pili liko ndani ya tarakilishi: "nambari fulani, andika herufi fulani." Katika kibodi ya kawaida jedwali la kwanza limefungwa kiwandani. Katika kibodi kama yetu jedwali hilo liko wazi, nawe unaweza kulihariri kama uharirivyo insha.

Programu inayofanya kazi hiyo ndani ya kibodi yetu imetokana na QMK, ambayo hutolewa bure na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Ili kuihariri bila kuandika msimbo tunatumia programu nyingine iitwayo Vial. Unachomeka kibodi, picha ya vibonye vyote inatokea kwenye kioo, unagusa kibonye unachotaka kukibadilisha, kisha unachagua kazi yake mpya. Mara moja inashika.

La kufurahisha ni kwamba mabadiliko hayo hukaa ndani ya kibodi yenyewe. Ukiichomoa hapa shuleni na kwenda kuichomeka katika saiba ya mjini, au kwa mjomba wako Kondele, inafanya kazi ile ile. Huhitaji kusakinisha chochote wala kumbembeleza mwenye tarakilishi. Kwa wanafunzi ambao hawana tarakilishi yao wenyewe, hili si jambo dogo.

MATABAKA: CHUMBA KIMOJA, KAZI NYINGI

"Lakini vibonye 48 vitatosha vipi?" Swali zuri. Alfabeti peke yake inachukua 26. Bado nafasi, enta, shifti, kibonye cha kufutia, nukta, koma. Nambari ziko wapi?

Litazame darasa lenu. Asubuhi ni chumba cha masomo, jioni ni cha maandalio, Jumamosi alasiri ni cha mijadala ya Chama cha Kiswahili. Madawati ni yale yale na kuta ni zile zile. Kinachobadilika ni ratiba. Kibodi ndogo ina ratiba pia, nazo huitwa matabaka. Katika tabaka la kwanza, mstari wa juu ni q, w, e, r, t na wenzake. Ukishikilia kwa kidole gumba kibonye kimoja kilicho kando ya nafasi, unaingia tabaka la pili: q sasa ni 1, w ni 2, hadi p ambayo ni 0. Ukikiachilia, unarudi ulikotoka.

Mwanzoni utaona tabu. Lakini fikiri: katika kibodi kubwa, ili ufikie nambari, mkono mzima huondoka mahali pake. Katika kibodi ndogo vidole vinabaki nyumbani, kinachofanya kazi ni gumba, kidole ambacho kwa kawaida hakina shughuli ila kugonga nafasi.

KUIPA NG' KIBONYE CHAKE

Sasa tuingie katika kazi tuliyoifanya. Kwanza tuliunda makro. Makro ni mfululizo wa nambari uliowekwa chini ya kibonye kimoja. Makro yetu inasema: peleka 17, kisha 10, kisha 52. Tarakilishi inaandika n, g na ritifaa kwa mguso mmoja, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuitofautisha.

Swali gumu lilikuwa hili: tuiweke wapi? Mapendekezo yalikuwa matatu.

La kwanza lilikuwa kubonyeza n na g kwa pamoja. QMK inaruhusu jambo hilo: vibonye viwili vikibonyezwa karibu wakati mmoja, kwa kawaida ndani ya sehemu 50 za elfu ya sekunde, vinahesabiwa kuwa amri moja. Wazo hilo ni tamu, na ni rahisi kulikumbuka. Shida yake ni kwamba Kiswahili kimejaa ng ya kawaida: ngoma, ngazi, mchanga, kanga. Mpigaji chapa mwenye kasi anapita juu ya n na g upesi mno, akitaka "ngoma" anapata "ng'oma". Tuliliacha.

La pili lilikuwa kuondoa q, kwa kuwa Kiswahili sanifu hakiitumii wala Dholuo haiitumii. Lakini masomo mengine yote tunayafanya kwa Kiingereza, na barua pepe nazo zina herufi za kila aina. Isitoshe, q iko juu ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, mahali ambapo si pazuri sana.

La tatu, ambalo ndilo lililoshinda, lilikuwa kuchukua kibonye cha nukta-mkato. Kibonye hiki kiko mahali pazuri ajabu: katika mstari wa nyumbani, chini kabisa ya kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, wala huhitaji kunyosha kidole. Na ni nani kati yenu aliyetumia nukta-mkato mara tano katika insha moja? Kiwanja kizuri namna hii kilikuwa kimekaliwa na mpangaji asiyekuja nyumbani.

Naam, lakini wenzetu wa Chama cha Tarakilishi walikuja juu. Kwao nukta-mkato si mgeni. Katika lugha kama C na Java, amri huishia kwa alama hiyo. Ukiwanyima, umewafunga mikono. Tulikaa, tukazungumza, tukapata njia. Kuna tabaka la tatu, linalowashwa na kuzimwa kwa vibonye viwili vya pembeni. Wakati wa kuandika msimbo wanaliwasha, nukta-mkato inarudi kwake. Wakifunga kazi wanalizima, nasi tunaikuta ng' yetu. Kibodi ni moja, matumizi ni mawili, na hakuna aliyekosana na mwenzake.

MTEGO WA HERUFI KUBWA

Jambo hili wengi hawalitarajii. Jina kama Ng'ang'a, au sentensi inayoanza na "Ng'ombe", inahitaji N kubwa. Desturi ya mikono ni kushikilia shifti. Ukishikilia shifti na kugusa kibonye cha ng', unapata nini? Unapata N kubwa, G kubwa, na badala ya ritifaa unapata alama ya kufungulia usemi! Kwa nini? Kwa sababu shifti ilikuwa bado imeshikwa wakati 52 inapita, na tarakilishi iliyopangwa Kimarekani ikiona shifti na 52 huandika alama za usemi. Iliyopangwa Kiingereza cha Uingereza huandika @, ambayo ni mbaya zaidi.

Dawa yake ni kuunda makro ya pili. Hii yenyewe inashika shifti, inapeleka 17, inaachilia shifti, ndipo inapeleka 10 na 52. Inatoka "Ng'" safi kabisa. Tumeiweka mahali pale pale, ila katika tabaka la pili. Kwa hivyo ng' ndogo ni mguso mmoja, na Ng' kubwa ni gumba pamoja na mguso huo huo.

Na kichwa cha makala kinachotaka herufi kubwa zote? Hapo hapana tatizo. Washa kibonye cha kufunga herufi kubwa, kisha tumia makro ya kwanza. Kibonye hicho hukuza herufi tu, hakigusi alama, kwa hiyo NG' inatoka sawasawa.

TUSICHOKIGUSA, NA KWA NINI

Mtu akishaonja uhuru huu anatamani kupanga upya alfabeti nzima. Na sababu ipo. Mpangilio tunaoutumia ulitokana na mashine ya kupigia chapa ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Sholes hakuwa akifikiria Kiswahili. Hebu hesabu herufi za methali hii: Haraka haraka haina baraka. Herufi 23, na a ni 11! Utasema nimechagua methali ya kunipendeza. Haya, hesabu nyingine: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Herufi 28, a ni 6, na e, ambayo ndiyo herufi itumikayo zaidi katika Kiingereza, imejitokeza mara moja tu. Sasa tazama kibodi: a, farasi wetu wa kazi, ameachiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote.

August Dvorak, Mmarekani aliyetoa mpangilio mwingine mwaka 1936, aliziweka irabu zote tano pamoja katika mstari wa nyumbani. Hata hivyo, kwa kuwa naye alipima kwa Kiingereza, a ilibaki pale pale chini ya kidole kile kile. Kwa hivyo dawa ya mwenzako haiponyi ugonjwa wako kila mara.

Mbona basi hatukuihamisha a? Kwa sababu kibodi hii ni moja, na tarakilishi za dunia ni nyingi. Katika chumba cha mtihani utakuta kibodi ya kawaida. Ofisini utakapoajiriwa utakuta hiyo hiyo. Mtu aliyezoeza vidole vyake mpangilio wa peke yake hugeuka mgeni kwenye kila meza isiyo yake. Kanuni tuliyojiwekea ni fupi: herufi tunazoshiriki na wengine zibaki mahali pake, na kile ambacho lugha zetu zinakikosa ndicho tukitafutie nafasi. Kibonye cha ng' hakikusahaulishi kitu. Ukiwa kwenye kibodi nyingine bado unajua kuandika n, g, ritifaa. Ni kuongeza, si kubadilisha dini.

Vidokezo vichache kwa watakaojaribu:

Kwanza, kibodi hizi zinaruhusu kibonye kimoja kuwa na kazi mbili: ukikigusa ni herufi, ukikishikilia zaidi ya sehemu 200 za elfu ya sekunde ni amri, kwa mfano kontroli. Waandishi wa Kiingereza hupenda kuweka kontroli chini ya a. Sisi tusifuate. Kwa kuwa a iko kila mahali katika Kiswahili, kidole kikikawia kidogo tu katika neno "ana", kibodi inasikia kontroli na n, na ukurasa mpya mtupu unafunguka mbele yako. Weka kazi ya pili kwenye kibonye kisicho na msongamano.

Pili, usifiche neno lako la siri ndani ya makro. Yeyote atakayeichomeka kibodi na kugusa kibonye hicho ameshalipata.

Tatu, maandishi yaliyo juu ya vibonye hayabadiliki. Kibonye chetu bado kimechapwa nukta-mkato. Tumebandika kipande cha karatasi, na mchoro wa matabaka yote matatu uko ukutani karibu na dirisha la maabara.

Nne, ritifaa ziko za sura zaidi ya moja. Ile iliyonyooka, nambari 39 katika orodha ya kimataifa ya herufi, ndiyo itokayo kwenye kibodi. Programu za uandishi aghalabu huigeuza kuwa iliyopinda, nambari 8217. Kwa jicho zinafanana, lakini programu nyingine zikitafuta "ng'ombe" wa sura moja hazimwoni wa sura ya pili. Jarida hili linatumia iliyonyooka tu. Ukituletea makala kwenye flashi, tafadhali fuata hivyo.

LINATUHUSU NINI?

Huenda mtu akasema, "Wee, ritifaa tu! Si watu wataelewa?" Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, alfabeti ya Luganda ina herufi kamili kwa sauti hii, n yenye mkia: ŋ. Hawahitaji ritifaa. Lakini kwa kuwa herufi hiyo haikuwekwa kwenye mashine za kupigia chapa wala kwenye kibodi za kawaida, waandishi wengi wa Luganda huiacha na kuandika ng' kama sisi. Tafakari hapo. Lugha ilikuwa na herufi yake, na kibodi iliyotengenezwa mbali ikawafanya watu waiweke kando.

Kwetu sisi hali inaweza kuwa mbaya zaidi, maana tukiacha ritifaa hatubaki na kitu cha kuonyesha sauti. Mimi mwenyewe nina ng' katika jina langu la ukoo. Niliwahi kujaza fomu moja mtandaoni, ikalikataa jina hilo ikidai lina alama isiyoruhusiwa. Nikitaka kuendelea, sharti niondoe ritifaa. Jina lililobaki pale si langu, wala si la babu yangu, na halilingani na lile lililo katika cheti changu cha kuzaliwa. Kibodi yetu haiwezi kuisahihisha fomu ile. Lakini nani atamdai mwenye fomu ritifaa, ikiwa sisi wenyewe tunaiangusha kila siku kwa ajili ya uchovu wa kidole kimoja?

Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Tarakilishi basi zilishajifunza maneno yetu zamani. Kilichobaki ni vidole. Na vidole hufuata njia iliyo rahisi, kama maji. Ukitaka viandike sawasawa, usivikemee, vitengenezee njia.

Wanafunzi wenzangu, kibodi iko maabara kila Jumanne na Alhamisi baada ya michezo, na mtu yeyote anakaribishwa kujaribu, hata asiye mwanachama. Katika tabaka la pili bado kuna vibonye vitano visivyo na kazi. Wenzetu wanaozungumza Ekegusii, Luluhya, Kalenjin na lugha nyinginezo za nyumbani, tuleteeni sauti zenu zinazosumbua vidole. Andikeni kwenye karatasi, mtie katika sanduku la Chama, na msisahau kutaja neno moja la mfano kwa kila sauti.